Ukuta wa Kubomolewa Jioni

Ukuta ule ulijengwa asubuhi ukabomolewa jioni, na kesho yake ukajengwa tena pale pale, kwa matofali yale yale. Hakuna aliyelala nyuma yake wala aliyefunga mbuzi kwenye kivuli chake. Ulikuwa ukuta wa mazoezi, kwenye uwanja wa nyumba ya tiba ya viungo iliyoko nyuma ya hospitali, na mjenzi wake alikuwa fundi mwashi ambaye kazini kwao walimwita Kona.

Jina hilo hakujipa. Kwenye ujenzi, kona ndizo zinazotangulia. Fundi anayeaminiwa anapandisha kona, uzi unafungwa kutoka kona hii hadi ile, na mafundi wengine wanajaza katikati wakiufuata uzi. Kona ikienda upande, ukuta mzima unaenda upande, nyumba inafuata, na fundi atasemwa mpaka azeeke. Kwa miaka mingi, popote kampuni yao ilipopata kazi, kona zilikuwa zake. Mafundi wengine waliteremsha timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, wapate kujua kama ukuta umesimama wima. Yeye alipitisha kiganja cha mkono wa kulia kutoka juu hadi chini, taratibu, kama mama anayempapasa mtoto kuona kama ana homa, kisha akasema, "Uko sawa." Wenzake wakiteremsha timazi nyuma yake kwa ubishi tu, wanakuta kweli uko sawa.

Halafu akaanguka. Ubao wa jukwaa ulihama chini ya miguu yake, akajishika ukutani kwa mkono ule ule wa kulia, mwili ukatangulia na mkono ukachelewa. Kifundo kilivunjika vibaya. Hospitalini walimpasua, wakamtia vyuma, wakamshona, wakamfunga plasta. Plasta ilipokatwa, mkono ulitoka mwembamba na mweupe-mweupe kama kitu kilichofunikwa na jiwe, na vidole viwili vya mwisho, pamoja na ule ukingo wa kiganja unaoteremka navyo, vilikuwa vimelala. Kukunjika vilikunjika. Lakini ungeviweka juu ya sufuria ya moto vingekaa hapo hapo vikisubiri kuambiwa.

Hilo la kulala hakumwambia mtu. Aliona vitaamka vyenyewe, na mwenye jambo la kuamka lenyewe hana sababu ya kulitangaza.

Nyumba ya viungo ilikuwa na mpango wa kuwarudisha kazini watu walioumia kazini. Hawakurushiana mipira tu. Kila mtu alifanyia mazoezi kazi yake mwenyewe. Dereva wa lori, aliyeumia mgongo, alikuwa na kiti kilichong'olewa kwenye lori bovu, na usukani mbele yake, na alikaa hapo akiendesha bila kufika popote. Mpishi wa hoteli, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, alikatwa mguu baada ya ajali ya gari la kubeba wafanyakazi. Yeye alipewa meza fupi, akajifunza kukatakata na kukoroga akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Na Kona akapewa lundo la matofali uwanjani, mchanga, chokaa na ndoo ya vifaa.

Mtaalamu wao alikuwa msichana mwembamba, wa umri wa kuwa binti yake. Wagonjwa walimwita Rudia, kwa sababu neno hilo ndilo lililomtoka kuliko yote. Ukinyanyua kikombe vizuri, alisema, "Vizuri. Rudia." Ukikiangusha, alisema, "Si kitu. Rudia." Dereva alidai kwamba hata harusini kwake, mwenye kufungisha ndoa akimuuliza bwana harusi kama amekubali, yule msichana atasema, rudia.

Kona na Rudia waligongana tangu wiki ya kwanza, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya saruji.

"Huu udongo hauna saruji," alisema Kona, akiuchota kwa mwiko na kuuangusha.

"Ndiyo, fundi. Ni mchanga na chokaa peke yake. Usigande."

"Ukuta usiogandana ni ukuta?"

"Ni zoezi. Jioni unaubomoa, unayafuta matofali, kesho unaanza tena. Na kubomoa nako ni zoezi, mkono unajifunza kugonga."

"Dada yangu," Kona alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kukasirika, "mimi nimejenga nyumba za watu wanaozaa na kuzikana humo. Ukuta wangu mwenyewe sijapata kuubomoa. Mtafute mwingine wa hiyo kazi."

Akatafutwa mtunza uwanja, mzee mfupi aliyekuwa akifagia na kumwagilia, ikawa kila jioni yeye ndiye anayeubomoa, akipiga mluzi, kwa raha iliyomuudhi Kona zaidi ya kazi yenyewe.

Ugomvi wa pili ulikuwa juu ya mwiko. Rudia alimtengenezea mwiko ambao mpini wake ulizungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, ukawa mnene, ili mkono usiokaza sawasawa upate cha kushika. Kona aliutazama, akaurudisha kwenye ndoo, juu ya timazi ambayo nayo haikuwahi kutolewa.

"Fundi hafungi mwiko bandeji," alisema. Akaendelea na mwiko wake wa siku zote, aliokuja nao kutoka nyumbani kwenye mfuko.

La tatu halikuwa ugomvi, maana Rudia hakulijua. Kila wiki alimfunga Kona kitambaa machoni, akamgusa ncha za vidole kwa kipande cha pamba, na Kona akatakiwa kusema kidole gani kimeguswa. Mara ya kwanza alibahatisha. Mara ya pili aligundua kwamba msichana alianzia kila mara kwenye kidole gumba, akaenda kwa mpango hadi cha mwisho, kwa mwendo ule ule, kama mtu anayepanda ngazi. Basi akaufuata mwendo. "Gumba. Cha shahada. Cha kati. Cha pete. Cha mwisho." Pamba ilipofika kwenye vidole vilivyolala yeye alikuwa amekwisha kuvitaja.

"Vizuri sana," alisema Rudia. "Rudia."

Akarudia. Ilikuwa rahisi kuliko matofali.

Nyumbani, mke wake alimfunga vifungo vya shati kila asubuhi bila kusema neno, na mama yake, aliyekuwa akiishi nao, alisema kwa niaba ya wote wawili.

"Wakikupa ulinzi, chukua ulinzi," alimwambia. "Utakaa kwenye kiti, utavaa kofia. Marehemu baba yako alitamani kofia maisha yake yote."

"Mama, mimi ni fundi."

"Na mimi nilikuwa na meno."

Maneno ya ulinzi hayakutoka hewani. Msimamizi wa ujenzi wa kampuni yao alikuwa kaka wa mke wake, yaani shemeji yake, na jambo hilo ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa afueni, kwa Kona lilikuwa kikwazo. Shemeji alikuja kumwona Jumapili moja, akanywa chai, akaiweka kazi mezani pamoja na kikombe.

"Yule msichana wenu wa mazoezi alinifuata kazini," alisema. "Ameongea na wakubwa. Anataka urudi kidogo kidogo, nusu siku kwanza. Wakubwa wameniambia, wewe ndiye unayemjua, nenda kamwangalie akifanya kazi, ukisema anaweza, arudi kwenye kona zake. Ukisema hawezi, kuna nafasi ya getini. Basi nakuja wiki hii, Alhamisi asubuhi."

"Karibu. Utaniona."

"Sikiliza, shemeji. Ningekuwa si ndugu ningekusogeza tu, hata kama mkono ni wa kuokoteza. Lakini mafundi wote wanajua dada yangu yuko kwako. Nikikuweka kwenye kona na kona ikaenda upande, watasema nimejaza nyumba ya watu na wakwe zangu. Kwa hiyo nitakuangalia kama adui."

"Niangalie kama adui," alisema Kona. "Adui wangu hajawahi kuona ukuta wangu ukilala."

"Kaka, chai imepoa," mke wake alisema, akachukua kikombe ingawa kilikuwa nusu.

Mlangoni, mama yake Kona alimwambia mgeni, "Hiyo kofia ya getini, mpeni kubwa. Kichwa cha huyu ni kikubwa."

Jumatano mchana Kona alijenga kama kawaida. Alijenga pembe ya kona, mkono mmoja wa ukuta ukienda hivi na mwingine hivi. Mchana wote alikuwa na wazo moja, nalo halikuwa baya kwa fundi. Alimwona shemeji yake akiingia kesho, akitazama kona ya mchanga na chokaa, akiigusa kwa kidole, na tofali likiondoka nalo. Alimwona akicheka. Mtu gani anaonyesha kazi ya namna hiyo? Ni sawa na kumpikia mkwe mawe kwenye sufuria ukamwambia, usijali, ni mazoezi.

Jioni Rudia alikuwa ndani akimsimamisha Mpishi kwenye vyuma vya kutembelea. Mtunza uwanja alipita amevaa shati safi.

"Fundi, leo utabomoa mwenyewe," alisema. "Mimi nimeitwa ukweni. Nikichelewa watasema nimesusa."

"Nenda tu."

"Usiuache, njia ya watu hiyo."

"Nenda, mzee, wakwe hawasubiri."

Karibu na stoo kulikuwa na mfuko wa saruji uliofunguliwa, wa kuzibia mdomo wa mtaro uliokuwa ukivuja. Kona aliutazama. Akausogelea. Akatia saruji kwenye udongo, kipimo cha kazini, akachanganya kwa sepeto akilikumbatia kwa kwapa, na ile harufu ilipompanda puani alijisikia mzima kuliko siku zote tangu aanguke. Aliuteremsha ule ukuta wa chokaa, ambao kwake haukuwa ukuta, mpaka chini, akayafuta matofali, akaanza upya, kona ya kweli. Na kwa kuwa alikuwa na mori, hakujenga kijipembe kama kila siku. Aliuvuta mkono mmoja wa ukuta mpaka karibu na jengo, na akaupandisha hadi kifuani.

Jua lilikuwa limekwenda nyuma ya jengo na uwanja wote ulikuwa kivuli. Mwiko ulimzunguka mara kwa mara mkononi, akaurudisha. Alipomaliza alisimama mbele ya kona, akapitisha kiganja cha mkono wa kulia kutoka juu hadi chini, taratibu, kwa ule ukingo wa kiganja, kama alivyofanya maisha yake yote.

Mkono haukusikia kitu. Na kwa Kona, mkono usiposikia kitu maana yake hakuna kitu. Ukuta ukiwa na tumbo mkono unalisikia, ukiwa na bonde unalisikia, ukiwa sawa unateleza tu kama maji. Uliteleza kama maji.

"Uko sawa," alisema peke yake, akaosha vifaa, akaenda nyumbani akala vizuri.

Asubuhi alisikia sauti ya Mpishi kabla hajafika mlangoni.

"Jamani! Nani kanijengea gereza?"

Ukuta ulikuwa umesimama, mkavu, mgumu, umekata njia nzima kutoka chumba cha mazoezi kwenda chooni. Siku zote ulikuwa unaishia mahali ambapo viti vya magurudumu vinapita. Siku zote ulikuwa umeshaanguka kabla ya asubuhi. Sasa Mpishi alikuwa upande mmoja na choo upande wa pili. Dereva alikuwa amesimama karibu naye, mkono kiunoni, akiusukuma ukuta kwa kidole.

"Haujambo," alisema Dereva. "Huu hata lori langu lisingeupenya."

"Wewe cheka. Mimi nimekunywa uji."

"Zunguka kwa nje, dada yangu, kwa barabarani. Nitakusukuma."

"Na mgongo wako? Tukalazwe wote?"

Kona alifika, akawaamkia, hakuna aliyeitikia vizuri. Lakini yeye hakuwa akiwatazama. Jua la asubuhi lilitokea upande wa pili wa uwanja, chini bado, na mwanga wake ulikuwa umelala juu ya uso wa ukuta. Mwanga wa namna hiyo hauna adabu. Uliyaonyesha matofali yote yaliyotoka nje na yote yaliyoingia ndani, na pale kwenye kona, kuanzia magotini hadi kiunoni, uliweka kivuli kikubwa cha mviringo. Ukuta ulikuwa na tumbo. Si tumbo la kutafuta kwa timazi. Tumbo la kuonwa na mtu aliye ndani ya basi linalopita.

Alisogea akapitisha mkono wa kulia. Uliteleza. Akapitisha wa kushoto. Wa kushoto ulipanda juu ya lile tumbo kama gari linapopanda tuta, ukateremka.

Akasimama hapo na mikono yote miwili ukutani.

Rudia alitoka ndani. Aliutazama ukuta, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaunusa kabisa.

"Hii saruji ni ya mtaro," alisema.

"Ndiyo."

"Fundi, kwa nini?"

"Shemeji anakuja leo," alisema Kona. Ilionekana kana kwamba hilo linatosha, kisha ikaonekana kwamba halitoshi. "Sikutaka akute mchanga."

Rudia hakupandisha sauti. Aliwaambia Dereva na mwenzake mmoja wa ndani wamzungushe Mpishi kwa nje, na Mpishi akaondoka akisema kwamba yeye amepikia mawaziri na wachezaji mpira na hajawahi kuwekewa ukuta. Kisha Rudia akaingia stoo, akatoka na nyundo na tindo, ile patasi ya chuma ya kukatia ukuta. Mpini wa nyundo ulikuwa umezungushiwa mpira wa baiskeli.

"Ubomoe," alisema.

"Mtunza uwanja..."

"Yuko ukweni bado. Na hata angekuwepo. Huu ni wako."

Kona aliipokea nyundo. Kwa mara ya kwanza hakuusema ule mpira. Aliishika kwa mkono wa kulia, tindo kwa wa kushoto, akaanzia juu. Pigo la kwanza liliteleza, nyundo ikamzunguka mkononi ikaigonga tindo kwa ubavu. La pili likaingia. Alibomoa tofali moja moja, vumbi likimjaa kwenye nyusi, naye hakusimama kupumzika kwa sababu kusimama kungempa nafasi ya kuutazama.

Ndipo akaona damu. Ilikuwa kwenye mpini, ikishuka taratibu. Aligeuza mkono. Kidole cha mwisho kilikuwa kimechanika ubavuni, pengine kwa ncha ya tofali, pengine zamani kidogo. Kidole chenyewe hakikuwa na habari.

Rudia alikiona wakati huo huo. Alikuja akaushika mkono, akakibana kile kidole kwa kucha zake, kwa nguvu, kama mtu anayechuna ganda. Kona hakuhama.

"Funga macho," alisema Rudia.

Akafunga. Hakukuwa na kitambaa wala pamba. Rudia aligusa mahali.

"Wapi?"

Kona alisubiri mwendo uanze, haukuanza.

"Gumba," alisema.

Kilikuwa cha pete.

"Kumbe ulikuwa unahesabu," Rudia alisema. "Na mimi nilikuacha uhesabu. Ningegusa ovyo ovyo ungekwama siku ya kwanza."

"Usijilaumu, binti. Mimi ndiye niliyekuficha."

"Tangu lini havisikii?"

"Tangu plasta itoke."

"Na huu ukingo wa kiganja?"

"Na huo."

Aliosha kile kidole, akakifunga. Alikuwa anakifunga bado wakati shemeji mtu alipoingia kwa mlango wa uwanja, amevaa viatu vyake vya kazi vyenye vumbi na kalamu sikioni. Alisimama. Alitazama ukuta uliokatwa nusu, matofali yaliyotapakaa, na shemeji yake akifungwa kidole kama mtoto wa chekechea.

"Nimekosea siku?" aliuliza.

"Hujakosea," alisema Kona.

Msimamizi hakuuliza zaidi. Alikwenda kwenye ukuta, akafumba jicho moja, akaweka lingine kwenye ukingo wa kona, akatazama kuelekea chini, vile mafundi wanavyotazama. Alikaa hivyo muda mrefu. Dereva, aliyekuwa amerudi kutoka safari ya chooni, alijifanya anaendesha.

"Una tumbo," alisema msimamizi.

"Najua."

"Tumbo la miezi yote tisa hili, shemeji."

"Najua."

"Ulipima?"

"Nilipima kwa mkono. Kama siku zote." Kona aliuinua ule mkono, akaushika kwa mwingine kama anaonyesha bidhaa. "Upande huu umekufa. Hausikii. Mimi nilidhani uko kimya kwa sababu ukuta uko sawa. Ulikuwa kimya tu."

Msimamizi aliondoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. Alikuwa amejiandaa kubishana na mtu anayejisifu, na maneno yake yote yalikuwa ya mtu huyo.

"Basi ni geti," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Samahani, baba," alisema Rudia. "Umekuja kumwangalia akifanya kazi. Hujamwona akifanya. Umeona kazi ya jana."

"Ukuta ni ukuta, dada. Mimi sihitaji kumwona mtu akiupandisha, nausoma mwenyewe. Hapa chini mwiko ulikuwa unamzunguka, udongo mnene nje na mwembamba ndani. Akagongea matofali kuyarudisha, yakatoka zaidi."

"Ni kweli," alisema Kona.

"Ukweli huo ndio wa getini."

Kona aliitazama ndoo yake ya vifaa. Ndani yake ulikuwamo ule mwiko wenye mpini wa mpira, na chini ya mwiko, timazi, uzi wake bado umezungushwa kama ulivyotoka dukani. Aliinama akavitoa vyote viwili.

"Unayo nafasi asubuhi hii?" alimuuliza shemeji yake.

"Kidogo."

"Hiyo kidogo nipe."

Alichanganya mchanga na chokaa. Mkononi alishika mwiko wa mpira, na ulikaa, haukumzunguka, jambo ambalo lilimuudhi kidogo hata katika hali ile. Alianza kona pembeni, mbali na njia. Kila alipopandisha safu aliteremsha timazi, akasubiri kile chuma kiache kubembea, akatazama. Kisha akapitisha mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto haukuwa na adabu ya kazi, ulipapasa kama mgeni anayetafuta swichi gizani, lakini ulisikia. Mara moja ulisimama. Kona akarudisha tofali kidogo kwa mpini, akateremsha timazi tena.

Ilichukua muda mrefu. Fundi mwingine angekuwa amefika madirishani. Mpishi alirudi kwa njia yake ya kuzunguka, akasimamisha kiti karibu na kuuliza kwa kunong'ona, kunong'ona kwake kulikosikika mpaka stoo, "Anaweza?"

"Subiri," alisema Dereva. "Mwenye kukagua hajapumua."

Kona aliposimama, msimamizi alikuja akafumba jicho moja. Akateremsha timazi yake mwenyewe, aliyokuwa nayo mfukoni. Akatikisa tofali la juu na likaondoka mkononi mwake, maana lilikuwa la chokaa tu. Hakucheka. Alilirudisha mahali pake kwa uangalifu.

"Umekuwa wa polepole kama konokono," alisema.

"Ndiyo."

"Wanaojaza katikati watakungoja wakilaani."

"Wamelaani wengi."

Msimamizi alifuta vumbi mikononi. Alimtazama Rudia, akamtazama Kona, halafu akatazama ule ukuta wa saruji uliokuwa umebaki nusu, na tumbo lake.

"Kuna choo cha wafanyakazi nyuma ya jengo," alisema. "Hakijaanza. Nilikuwa nimpe mtu yeyote. Njoo Jumatatu, nusu siku, upandishe kona za choo. Ukuta wa mbele sikupi. Mimi nitapita na timazi yangu kila safu, na wanaotaka kusema nimeweka ndugu, watasema nimemweka chooni."

"Nitakuja."

"Na ukinipimia kwa kiganja, nakurudisha nyumbani kwa dada yangu siku hiyo hiyo."

"Vizuri," alisema Rudia, na watu wote wakasubiri neno la pili. Aliona wanavyomtazama, akalimeza.

Ukuta wa saruji Kona aliumaliza mwenyewe, Alhamisi hiyo na Ijumaa yote. Safu mbili za chini za kona ziligoma kabisa. Mtunza uwanja, aliporudi kutoka ukweni, alizipiga teke akaumia kidole, akasema ziachwe. Ule upande uliokata njia waliutoa mpaka chini, na ile kona ikabaki kama kibaraza. Dereva alianza kuketi hapo akisubiri zamu, akasema ni kiti kizuri, ila kinamsukuma mtu kwa mbele.

Nyumbani mama yake aliuliza habari ya kofia.

"Hakuna kofia, mama. Ni choo."

"Watu wote wanakihitaji," alisema mama yake. "Geti si kila mtu."

Jumatatu asubuhi mke wake alimfunga vifungo vya shati, isipokuwa cha chini, ambacho alikifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto na kikachukua muda. Kazini mafundi walimwita jina lake kwa kelele, wakampa mkono, wengine wakasahau wakampa wa kulia, wakambana mpaka akacheka. Walipouona mwiko wake wenye mpira, mmoja alimuuliza kama baiskeli imebaki na tairi moja.

"Imebaki nyumbani," alisema. "Mama yangu anaiendesha."

Nyuma ya jengo msingi wa choo ulikuwa tayari. Saidia fundi alimletea udongo kwenye karai, udongo wa saruji, Kona akaunusa. Aliweka safu ya kwanza. Akatoa timazi, akaufungua ule uzi uliokuwa umepata mikunjo ya kuzungushwa, akaiteremsha mbele ya kona.

Chuma kilibembea. Nyuma yake alisikia viatu vya shemeji yake vikija juu ya kokoto, vikasimama. Kona hakugeuka. Mkono wake wa kulia, kwa mazoea, ulikuwa umeshanyanyuka kuelekea ukutani. Akaushusha, akausokomeza mfukoni, akasubiri chuma kitulie.